Mgahawa Usio na Bango

Sehemu ya Saba

Wiki nzima hamkunipa raha. Nikienda kunyolewa, kinyozi ananiuliza ule ujumbe ulisema nini. Nikinunua nyanya, muuza nyanya naye hivyo hivyo, na hanipunguzii hata moja. Haya, shikeni. Nawasomea kama Theopista alivyousoma, akiwa amesimama katika duka la viatu la Martina pale Ushirombo, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Nimemwona anayenawisha. Leo nakuja kula."

Basi. Hakuna jina, hakuna picha.

Theopista akausoma mara mbili.

Kwa mnaochelewa, na mnachelewa sana, nawakumbusha mara moja tu. Theopista ni binti wa miaka ishirini na sita. Anazunguka Kahama, Ushirombo, Geita na Shinyanga mjini akirekodi video za maduka na migahawa ambayo watu wanapita kila siku bila kuiona. Video hizo anaziita Chimbo la Theo. Akikuelekeza duka, hata mgeni wa jana anafika bila kuuliza mtu.

Wiki mbili nyuma alirekodi mgahawa wa Mama Apolonia kule Runzewe, mgahawa usio na bango wala jina. Mama Apolonia alikubali kwa sharti: usitaje mji, usionyeshe sura ya mtu. Theopista akatii. Mji hakuutaja, akawaambia watu wabahatishe. Sura alizikata zote, isipokuwa moja iliyomponyoka. Sekunde mbili tu, mwanamke amepiga magoti, anammiminia mteja maji ya kunawa.

Mwanamke huyo ni Salome.

Miezi saba iliyopita, machimboni Mwakitolyo, Salome alimwona mwanaume aliyekuwa akiishi naye, Ndaki, akikata kamba ya duara, lile shimo la dhahabu, wakati mwenzake Nkwabi akiwa chini. Watu wote waliambiwa kamba ilikatika yenyewe. Salome peke yake ndiye anayejua ukweli, na Ndaki anajua kwamba anajua. Matanga hayajaisha, Salome akambeba binti yake Loveness, miaka mitano, akakimbia na nguo alizovaa.

Haya yote Theopista aliambiwa Jumatatu, kwa simu, video ikiwa imeshaangaliwa na nusu ya kanda.

"Umeniulia mtu, binti yangu," Mama Apolonia alimwambia. "Huyo mwanaume mimi simjui sura. Ila akija, tazama mkono wa kulia. Kidole cha shahada hana. Kilichukuliwa na karasha la kusagia mawe."

Sasa nyinyi wenye akili zenu mtasema: huyo Ndaki atajuaje kama ni Runzewe, wakati mji haukutajwa? Swali zuri. Theopista hakujiuliza. Alichojua ni kwamba mtu anakwenda kuua, na njia kaionyesha yeye.

"Theo, kiatu kinabana?" Martina akamwuliza.

"Nitarudi, dada."

"Utarudi na kiatu changu mguuni?"

Akakivua hukohuko mlangoni, akavaa ndala zake, akatoka.

Kijiweni kulikuwa na bodaboda watano. Theopista hakuangalia pikipiki wala sura. Aliangalia mikono.

Wa kwanza alikuwa akimenya muwa. Vidole kumi. Wa pili anachezea simu, kumi. Wa tatu na wa nne wanacheza drafti, vyote vipo. Wa tano kaweka mikono mfukoni.

"Toa mikono," Theopista akamwambia.

"Dada, kwani wewe ni polisi?"

"Toa nikuone."

Akatoa. Kumi. Wenzake wakacheka, wakamwambia dada anatafuta asiye na pete. Theopista hakucheka. Akashika nguzo ya kibanda, akaitazama barabara.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

Sauti ilitoka nyuma yake, ya upole. Mwanaume wa miaka arobaini na kitu, koti zito, helmeti, glovu za ngozi mikono yote miwili, vumbi la safari ndefu. Kwenye usukani wa pikipiki yake imezungushwa rozari nyeupe.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe si yule binti wa Chimbo? Mke wangu hali mpaka akuangalie kwanza. Asubuhi ndiye kaniambia, leo yuko Ushirombo kwenye duka la viatu."

Kweli. Asubuhi ile Theopista alikuwa amewatangazia watu elfu kumi na nane mahali alipo, njooni tuonane.

"Naenda Runzewe," akasema. "Haraka, baba yangu, nakuomba."

"Panda. Mimi naitwa Deusdedit."

Naona mnanyanyua mikono. Ishusheni. Ungekuwa wewe, umelelewa Ushirombo, misa ya kwanza kila Jumapili, mama yako anasali rozari huku anakoroga uji, ungemwambia mtu mzima mwenye rozari avue glovu umkague? Usinidanganye. Ungepanda.

Theopista akapanda.

Tuta la kwanza, Deusdedit akakanyaga breki ya mguu. Tuta la pili, mguu. Mbuzi wakakatiza barabara, mguu tena. Mkono wa kulia ulishika usukani, na kidole kimoja cha glovu kikakaa kimenyooka tu, hakikugusa breki ya mkono hata mara moja. Theopista alikuwa nyuma, macho kwenye simu, anapiga namba ya Mama Apolonia. Inaita, haipokelewi. Anapiga tena. Akaanza Salamu Maria kimyakimya, akakosea katikati, akaanza upya.

Walipovuka mto, simu ikaita.

"Simama, baba. Simama hapo."

Pikipiki ikasimama pembeni, jirani na magunia ya mkaa yasiyo na mwenyewe.

"Mama, amesema anakuja leo."

Upande wa pili sufuria ikagongana na kitu.

"Leo saa ngapi?"

"Hakusema. Mtoto yuko wapi?"

"Yuko hapa anamenya karanga. Salome yuko jikoni. Theopista, hapa watu wamejaa, nani niangalie, nani nimwache?"

"Mtoe mtoto kwanza. Mpeleke kwa Mageni."

"Mageni yupi?"

Na hapa, jamani, ndipo ninapotamani kuingia ndani ya hadithi yangu mwenyewe nikamzibe mdomo.

"Yule wa magauni ya sherehe," Theopista akasema, kwa sauti ya mtu anayepigana na upepo. "Ukitoka kwako, pita mashine ya kukoboa mpunga, hesabu milango mitatu mkono wa kushoto. Utaona pazia la bluu. Nyuma ya pazia kuna chumba cha kujaribia nguo, mtu akikaa humo haonekani barabarani. Mwambie Mageni asimtoe kwa mtu yeyote. Nikimtuma mtu atasema maneno haya: Chimbo la Theo. Asiposema hivyo, asipewe mtoto."

"Chimbo la Theo. Nimeshika. Nampeleka mwenyewe."

Theopista akakata simu, akashusha pumzi. Mara ya kwanza tangu asubuhi alijiona amefanya la maana. Kazi yake ni kuelekeza watu. Alielekeza vizuri kuliko siku zote.

Deusdedit alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake, anapangusa kioo cha helmeti.

"Kuna shida, mwanangu?"

"Kuna mtu anamtafuta dada mmoja, anataka kumuua."

"Dunia imeharibika," akasema, akatikisa kichwa. "Ngoja nimwambie mke wangu nitachelewa."

Akavua glovu ya kushoto, ya kushoto tu, akabonyeza simu kwa dole gumba. Akasogea nyuma ya magunia. Aliongea Kisukuma, na upepo ukachukua karibu yote. Theopista aliyasikia mawili ya mwisho. "Mhola, mhola." Salama, salama.

Walikuwa hawajafika mbali pale Probox nyeupe ilipowapita kwa kasi, ikapiga honi mara mbili. Deusdedit akanyanyua mkono.

"Unamfahamu?" Theopista akauliza.

"Jirani yangu."

Runzewe, saa sita mchana. Mgahawa wa Mama Apolonia hauuoni kama hujaambiwa. Unapita kati ya duka la mbolea na fundi redio, unafuata harufu ya karanga, ukikuta ndala nyingi mlangoni umefika. Theopista akaziruka zile ndala, akaingia.

Wateja kumi na wawili. Wachuuzi wa ng'ombe, wachimbaji wawili watatu, wote wanakula ugali wa muhogo na mboga ya mgagani. Macho yake yakaanza mikononi. Meza ya kwanza, salama. Ya pili, salama.

Pembeni kabisa, mtu mmoja peke yake. Mkono wa kulia umefungwa kitambaa mpaka kwenye kiwiko.

Theopista akazipita meza mbili. Akamsogelea. Hakujua atafanya nini, aliujua mkono tu.

"Kaka, fungua kitambaa."

"Nini?"

"Fungua, nimesema."

Wateja wakaacha kutafuna. Yule mtu akamtazama, akamwona ana machozi, akafungua taratibu. Ngozi nyekundu, malengelenge. Vidole vitano.

"Uji wa mtoto," akasema. "Umenimwagikia asubuhi. Wewe ni nesi?"

Theopista akakaa chini palepale sakafuni. Mama Apolonia akatoka jikoni, mwiko mkononi, akamnyanyua kwa kwapa kama mtoto, akampeleka mpaka kwenye pazia la jikoni.

"Loveness?" Theopista akanong'ona.

"Nimempeleka, nimerudi sasa hivi. Mageni kamkalisha nyuma ya pazia, kampa na soda. Maneno yako nimemwambia."

Salome alikuwa nyuma ya pazia la jikoni, furushi dogo limeshafungwa. Alikuwa mwembamba kuliko kwenye video.

"Nisamehe, dada," Theopista akamwambia. "Ni mimi."

"Baadaye utaniomba msamaha," Salome akasema. "Sasa nitoe hapa. Nipitie mwanangu, twende popote."

"Nimekuja na pikipiki. Baba mmoja mtu mzima, mtu wa sala. Atawachukua wote wawili."

"Yuko wapi?" Mama Apolonia akauliza.

"Nje, anapoza injini."

"Amekula?"

"Mama, hakuna muda wa kula."

"Sikiliza, wewe mtoto. Mtu kakuleta kutoka Ushirombo na jua hili, halafu unamtwisha watu wawili na njaa yake? Kwetu hapana. Akianguka nao njiani utasema nini? Dakika kumi. Ale matonge mawili, aondoke nao."

Theopista akamtazama Salome. Salome akaitikia kwa kichwa.

"Mwite," akasema. "Anayenibeba mimi na mwanangu nitamnawisha mwenyewe."

Deusdedit alikataa mara ya kwanza, akakataa mara ya pili, kama anavyofanya mgeni mwenye adabu. Mara ya tatu akaingia. Akavua helmeti, akaiweka chini. Akachagua benchi la karibu na mlango, akakaa akiutazama mlango wa jikoni. Mama Apolonia akampokea vizuri, kwa salamu ya Kisukuma.

"Karibu, baba. Mwadeela."

"Mwadeela, mayu," akaitikia. Mayu ni mama.

Akaletewa ugali, kuku wa kienyeji, mgagani. Moshi unapanda. Hakugusa. Hawezi kugusa, hajanawa.

Mnajua nyumba nyingi za kwetu zilivyo. Mgeni hafuati maji, maji yanamfuata. Anayenawisha anapiga magoti, jagi mkono wa kulia, beseni mkono wa kushoto, kitambaa begani, na macho chini. Sura ya mgeni haichunguzwi. Anachokiona ni mikono.

Na hakuna mtu duniani anayekula ugali na glovu.

Salome akatoka jikoni. Kanga ya njano, macho chini. Akapita katikati ya meza mbili, akapiga magoti mbele ya benchi la mlangoni, akasogeza beseni.

"Karibu maji, baba."

Theopista alikuwa amekaa mkabala. Alikuwa ameanza hata kutabasamu. Akamwona Deusdedit akivua glovu ya kushoto, akaiweka juu ya meza. Kisha akashika ya kulia, akaivuta polepole, na ile glovu ikatoka huku kidole kimoja kikibaki kimesimama. Kilikuwa kimejazwa pamba.

Mkono ukashuka juu ya beseni. Dole gumba. Pengo. Vidole vitatu.

Maji yakaanza kumiminika. Salome aliuona mkono. Theopista anaapa mpaka leo kwamba aliuona, kwa sababu mabega yake yaliganda. Lakini hakupiga kelele, wala hakunyanyua macho. Aliendelea kumimina tu. Maji yakajaa beseni, yakafurika, yakamwagika kwenye magoti yake, na bado anamimina.

"Yatosha, mama Loveness," Ndaki akasema kwa upole uleule. "Nimeshatakata."

Theopista akataka kusimama.

"Kaa, mwanangu," Ndaki akamwambia bila kumtazama. "Umefanya kazi kubwa. Mimi njia ya huku sikuijua. Niliandika maneno mawili tu, nikasubiri nje ya duka la viatu nione utakimbilia wapi."

Mlijua. Najua mlijua. Yeye ndiyo kwanza anajua, na aibu na hofu vikampanda pamoja.

Mama Apolonia naye alikuwa ameuona mkono. Mwanamke huyu ana miaka sitini na mbili na haogopi mtu wa mkono mmoja wala wa mikono mitatu. Akasogea, akasimama kati ya benchi na mlango.

"Humu ndani kuna wanaume kumi na wawili," akasema kwa sauti ya chini. "Nje kuna mtaa mzima. Nikipiga mwano, hutoki."

Hakuwa anatania. Mwano ni yowe la kuita watu, na anayelisikia haulizi kuna nini. Anaacha jembe, anaacha mizani, anaacha sahani, anakuja na fimbo. Ndaki ni wa hukuhuku, analijua kuliko mimi na wewe.

Hata hivyo hakutikisika. Mikono yake ilikuwa bado juu ya beseni, inadondosha maji.

Mama Apolonia akavuta pumzi. Akaweka kiganja pembeni ya mdomo.

Simu ya Theopista ikaita. Juu ya meza, jina likasomeka wazi: Mageni Magauni.

"Pokea," Ndaki akasema. "Weka sauti juu."

Theopista akabonyeza mara mbili ndipo ikashika.

"Dada Theo," ikasema sauti ya Mageni, changamfu, ya mtu aliyemaliza kazi aliyopewa. "Usiwe na wasiwasi tena. Mtu wako kafika na gari nyeupe. Nilimbana kwanza, nikamwambia bila maneno simtoi. Kayasema yote, Chimbo la Theo, wala hakukosea. Basi nimemkabidhi mtoto. Kalia kidogo, ila kaondoka."

Mama Apolonia alibaki na kiganja pembeni ya mdomo. Mdomo wenyewe ulikuwa umefunguka. Pumzi ya mwano ilikuwa kifuani, imejaa, na hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuiruhusu itoke.

"Piga, mayu," Ndaki akamwambia. "Piga mwano. Mwenzangu ameambiwa akiusikia asinisubiri."

Mama Apolonia akashusha mkono.

Wateja walikuwa wanakula. Yule wa malengelenge aliagiza mchuzi wa kuongeza. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba katika benchi la mlangoni mtu ameshakamatwa.

"Chakula hiki kifungwe," Ndaki akasema. "Cha watu watatu. Loveness hajala mchana."

Salome akaweka jagi chini. Kwa mara ya kwanza akanyanyua macho, lakini hakumtazama Ndaki. Alimtazama Theopista, akamtazama kwa muda mrefu, na Theopista akatamani amtukane. Hakumtukana. Akachukua kitambaa begani, akaushika ule mkono wa kulia, akaanza kuufuta. Dole gumba, kisha akaruka pengo, kisha vile vitatu, kimoja kimoja, mpaka vikakauka.

Nje, kati ya duka la mbolea na fundi redio, gari likapiga honi mara mbili.